Mfalme Msikivu: Mvuto wa Watawala Wema katika Riwaya za Njozi za Shaaban Robert

Katika Kihaya, neno omukama humtaja mfalme, na humtaja Mungu pia. Msomaji aliyelelewa Kamachumu, kwenye nyanda za juu za Muleba, huingia katika riwaya za Shaaban Robert akiwa na neno hilo masikioni. Wahakiki wengi wamezieleza Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) kuwa ni njozi zenye kuusuta utawala wa kikoloni kwa fumbo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaliacha swali moja bila jibu. Kwa nini mwandishi aliyeuchukia udhalimu kiasi hicho aliendelea kuwaachia wafalme kauli ya mwisho? Na kwa nini wasomaji wameendelea kuwapenda wafalme hao, hata baada ya utemi kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963?

Rai, mfalme katika Adili na Nduguze, anafaa kutazamwa kwanza. Anapata habari kwamba Adili, liwali wake, huwacharaza manyani wawili kila usiku. Kosa hilo lingetosha kumwangamiza liwali mbele ya mfalme mkali. Rai anamwita, anamkalisha, kisha anamsikiliza mpaka mwisho wa kisa chake kirefu, na sehemu kubwa ya riwaya ni usikilizaji huo. Chanzo cha kisa kinafahamika: ni hadithi ya Abdallah bin Fadil katika Alfu Lela Ulela, ambamo anayesikiliza ni Harun al-Rashid na wanaopigwa ni mbwa. Lakini katika hadithi ya Kiarabu ndugu wale hatimaye hujaribu kumwua aliyewasamehe. Shaaban Robert aliuondoa mwisho huo, akaweka upatanisho. Badiliko hili lina uzito kuliko lile la mbwa kuwa manyani, kwa sababu linadai kwamba huruma ya mtawala inaweza kuwageuza waovu. Wapo watakaoliona dai hilo kuwa la mtu asiyeijua dunia. Hata hivyo, ndilo linalomshika msomaji.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Jambo hilo halimshangazi sana msomaji wa Bukoba, ambaye simulizi za Katuruka zimemzoesha mfalme Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma uliokusudiwa kufika mbinguni. Huko Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta manufaa ya nchi, na waliporudi wakalipwa adhabu. Mwishowe Karama anaachiliwa, na wajumbe waliofungwa wanafunguliwa. Sheria ndiyo iliyomleta Karama barazani, ila kinachomtoa ni moyo wa mfalme uliokubali kulainika. Hapa pana ufa ambao riwaya haiuzibi.

Ufa huo waujua vizuri wale ambao wazee wao waliishi chini ya nyarubanja. Kwa mfumo huo, mfalme wa Kihaya aliweza kumgawia ndugu yake au kipenzi chake eneo lenye migomba pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo. Waliolala wakiwa na vibanja vyao waliamka wakiwa batwarwa, yaani wapangaji wenye kudaiwa kodi na kazi. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, vibanja hivyo vilizidi kutamaniwa. Bwana mwema alisamehe kodi mwaka wa ukame, na mwanawe aliweza kuidai yote. Kwa mtwarwa, basi, wema wa bwana haukuwa hadithi ya kustarehesha. Ulikuwa tofauti baina ya kuvuna mkungu wa ndizi na kuukosa. Ni rahisi kwa msomi wa leo kuicheka tamaa ya mfalme mwema, lakini hakuwahi kuhesabiwa pamoja na shamba.

Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuwapa batwarwa milki ya ardhi waliyoilima. Tangu hapo walikuwa na haki ambayo hawakuhitaji kumshukuru mtu kwayo, na haki ya namna hiyo haimo katika Kusadikika wala katika himaya ya Rai.

Miaka 30 baadaye, Katama Mkangi wa Kenya, aliyepata kutiwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani katika chombo kinachokusudiwa kumwua, naye anafika katika nchi ambayo jina lake likikatwa husomeka “wale ni sisi”. Msafara ni uleule wa kwenda juu kutafuta utawala bora, ila sasa wanaotawala na wanaotawaliwa ni watu walewale. Riwaya hiyo inasifiwa na wahakiki. Hata hivyo, Rai akiketi usiku kumsikiliza Adili anabaki mtu, mwenye sikio na subira, ilhali jamii nzima yenye haki ni vigumu kuipa uso katika hadithi. Tatizo hilo la kisanaa linawakabili waandishi wote wa njozi za kisiasa kwa Kiswahili, na Mkangi alilishughulikia kwa kumfanya mgeni wake aulize maswali mengi kuliko anavyopewa maagizo.