Kalamu za Wino, Jinsi ya Kuzinunua na Kuzitunza

Walimu wawili, mmoja wa Iringa na mwenziwe wa Mbeya, wametuuliza jinsi ya kupata kalamu njema ya wino, ile ya kujazwa wino tumboni, pasipo kupunjwa. Twafurahi kujibu, kwa kuwa twazipenda kalamu hizi na kuzikusanya. Mama wa nyumbani kwetu hulicheka kopo la biskuti tunamozihifadhi.

Wazee wetu waliosoma katika shule za misioni hawakuanza na kalamu hizi. Walianza na kalamu ya kuchovya, yaani kijiti chenye nibu ya chuma, na kidau cha wino juu ya meza. Kila baada ya maneno machache mkono hurudi kidauni. Kalamu yenye wino ndani, ambayo Lewis Waterman wa New York aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1884, ilikuwa mali ya mwalimu na karani, nayo huchomekwa mfukoni ili ionekane. Kisha ikaja kalamu yenye gololi ndogo nchani, aliyoibuni László Bíró wa Hungaria mwaka 1938. Na tangu 1950 kalamu za BIC zikawa rahisi hata mtoto wa shule aweza kununua. Sisi wenyewe tulisomea hizo, wala hatuzisemi vibaya.

Basi, kalamu za kale hupatikana wapi? Msianze dukani. Anzeni katika masanduku ya walimu na makarani waliostaafu. Mzee mmoja wa Uyole alitutolea Hero ya China aliyoinunua siku za ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, wakati bidhaa za China zilipouzwa madukani mwetu ili fedha zake zilipie gharama za kazi humu nchini. Ilikuwa imekauka kwa miaka mingi. Tukaitia katika maji baridi, tukiyabadili kila asubuhi, na siku ya nne ikaandika. Mzee akaichukua, akaandika jina la marehemu mkewe, akalitazama kitambo, kisha akairudisha kalamu mfukoni mwake. Hatukuthubutu kumwuliza bei.

Mtu akikuuzia kalamu kuukuu, itazame nibu kwanza. Ncha mbili zilingane. Moja ikiwa juu ya nyingine, karatasi itakwaruzwa. Alama ya 14K yaonyesha dhahabu sehemu 14 katika 24, na alama ya 585 ni karibu neno lilo hilo, sehemu 585 katika elfu. Lakini maneno «Iridium Point Germany» yasikudanganye: nyingi za kalamu zenye maneno hayo zafanyizwa China, nazo si mbaya, ila zisiuzwe kwa bei ya Ujerumani. Kisha uliza habari za kifuko cha mpira kilicho ndani ya zile za kale. Mpira hukauka na kukatika, na kalamu isiyovuta wino ni pambo tu. Usiioshe kwa maji ya moto, maana mwili wake waweza kupindika.

Liko na jambo la milima yetu. Mwenye kalamu akitoka Dar es Salaam, palipo sawa na bahari, akapanda Kitonga mpaka Iringa, iliyo juu zaidi ya mita 1,500, hewa iliyomo tumboni mwa kalamu hutanuka na kusukuma wino nje. Sisi tulishuka katika basi tukiwa na doa la buluu kifuani kama tulichomwa mkuki, na watoto wa stendi wakatucheka. Safirini na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikielekea juu.

Sasa twaja kwenye wino, na hapa twaomba msome polepole. Wino si wa namna moja. Uko wa buluu unaofanyizwa makusudi utoke nguoni ukifuliwa. Nao ni mzuri kwa mazoezi ya watoto. Uko na wino wa kudumu. Tangu kale huko Ulaya watu waliufanyiza wa kudumu kwa uvimbe wa mti wa mwaloni na chumvi ya chuma; huo huzidi kuwa mweusi ukipatwa na hewa, na maji hayauondoi upesi. Uingereza iliandika vitabu vya ndoa kwa mkono, kwa wino wa namna hiyo, hata mwaka 2021. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa magome ya miwati, ambayo Njombe wayajua sana, kwa kuwa kampuni ya kuyakamua ilianzishwa huko mwaka 1949. Chemsha magome, tia misumari yenye kutu katika maji yake, nayo yatageuka meusi. Maji hayo ni ya kalamu ya kuchovya tu. Ukiyatia katika kalamu ya kujaza, umeiua.

Twasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosa. Mwaka 2004, katika kanisa dogo upande wa Mufindi, tuliandika daftari la ubatizo kwa wino wa buluu wa kufulika, kwa kuwa rangi yake ilitupendeza na chupa yake ilikuwa rahisi. Baadaye mvua ikapenya batini. Mwaka jana akaja binti aliyebatizwa mwaka ule, anataka cheti cha kuzaliwa apate kuomba mkopo wa chuo kikuu, akaomba ushuhuda wa ubatizo wake aupeleke RITA. Tulifungua daftari mbele yake. Ukurasa ulikuwa kama anga ya asubuhi: buluu hafifu, hapana neno. Kurasa za mwanzo, alizoandika katekista aliyetutangulia kwa wino mweusi, zililowa vilevile, nazo zasomeka zote.

Nakala iliyopelekwa misioni ilikuwa na jina la mtoto na la mama. Siku ya kuzaliwa hatukuinakili. Binti hakutulaumu kwa neno lolote, na hilo lilituchoma zaidi. Tukamtafuta mama yake wa ubatizo, ambaye macho yake yamepungua lakini akili yake ni nzima. Alikumbuka siku ile, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaa ng'ombe wake wa kwanza, na mumewe alikuwa ameiandika ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo, kwa penseli.

Binti amekwisha kupeleka kiapo pamoja na kitabu hicho, naye angali akingoja. Sisi tumenunua chupa ya wino mweusi wa kudumu, na kila Jumamosi twanakili upya yale yanayosomeka bado. Tumefika mwaka 2006.