Dughulushi na Nyuki Aliyebaki Tanga

Msomaji wetu mmoja wa Chumbageni ameniandikia kuhusu ua lake la dirishani, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Jirani amemwambia kwamba asili yake ni hapahapa Tanga. Linachanua karibu mwaka mzima, lakini tangu alinunue hajawahi kuona tunda wala mbegu. Anauliza kama ua lake ni tasa.

Si tasa. Akichukua sindano, akapasua kile kifuko cha manjano kilicho katikati ya ua na kulipaka vumbi lake kwenye ncha ya kile kijiti chembamba kilichoinama kando, baada ya miezi kadhaa atapata kitumba chenye mbegu ndogo mno. Kinachokosekana dirishani kwake ni nyuki. Tena si nyuki yeyote. Wale wa mzinga wakiingia chumbani kwa mamia hawatamsaidia kitu, na sababu yake ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote ninayoyajua katika maisha ya mimea. Kwa hiyo habari za petali na sepali tulizozisoma darasani leo naziruka.

Kwanza historia, kwa ufupi. Wasambaa wanaliita ua hili dughulushi, na walilijua tangu zamani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya utawala wa Wajerumani, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Kutoka huko likafika kwa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawajali. Ni mojawapo ya maua ya ndani yanayopendwa sana duniani, na karibu yote huzalishwa kwa jani: unachomeka jani kwenye udongo, linatoa mizizi, unapata mche. Ndiyo maana ua limeweza kuizunguka dunia bila mchavushaji wake. Huku kwetu linaota kwenye nyufa za mawe ya chokaa na miamba yenye kivuli, kuanzia maeneo ya Amboni karibu na bahari hadi juu Usambara Mashariki.

Sasa tuliangalie ua lenyewe kwa karibu. Halina mbochi, yale maji matamu ambayo maua mengi huwapa wadudu. Lina chavua tu, na chavua hiyo ni chakula kizuri cha watoto wa nyuki, imejaa protini. Lakini ua halikuiweka wazi. Limeifungia ndani ya vifuko viwili vya manjano vilivyoshikana, vyenye uwazi mdogo tu wa kutokea. Mdudu akitembea juu yake hapati kitu. Akikwaruza kwa miguu hapati kitu.

Fikiria kichupa cha chumvi kwenye mgahawa wa pwani, chenye kifuniko cha vitundu. Unyevunyevu wa bahari umeifanya chumvi ishikane. Ukikigeuza juu chini, haidondoki hata punje. Ukikiinamisha polepole juu ya mihogo yako, bado hakuna kitu. Anayejua hukishika kwa nguvu na kukitikisa kwa mapigo mafupi ya haraka, na hapo ndipo punje zinapotoka, chache, kisha chache tena. Mwenye mgahawa angeweza kuiweka chumvi kwenye bakuli la wazi, lakini mteja wa kwanza angechota ya watu kumi, na nyingine ingemwagika mezani. Kwa vitundu vile kila mteja anapata kiasi, na chumvi inafika kwenye sahani nyingi. Ua nalo linapata faida ileile. Chavua yake yote ikichukuliwa na mgeni mmoja ataipeleka nyumbani kwake kuwalisha watoto, na maua mengine yatabaki bila kitu. Ikitoka kidogo kidogo inawapanda wageni wengi, na kila mgeni huibeba kwenye njia yake. Tena kichupa cha namna hii kinachagua wateja: asiyejua kutikisa anaondoka mikono mitupu, wala harudi, na akiba inabaki kwa wenye ujuzi ambao watakwenda moja kwa moja kwenye kichupa kingine cha aina hiyohiyo.

Nyuki anatikisaje? Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Misuli ambayo nyuki hurukia haikushikana na mbawa moja kwa moja. Imejaa kifuani. Kundi moja linakivuta kifua kutoka juu kwenda chini, kundi jingine linakivuta kutoka mbele kwenda nyuma, na kifua chenyewe kinapobadilika umbo ndicho kinachopiga mbawa. Kwa hiyo nyuki anaweza kufanya jambo la ajabu: anakunja mbawa mgongoni, anatulia, kisha anaiendesha misuli ileile ya kurukia. Mbawa hazipigi hewa, lakini kifua kizima kinatetemeka. Na kwa kuwa hakuna mzigo wa hewa, mtetemo unakuwa wa kasi zaidi kuliko ule wa kuruka. Masikio yako yatakuambia: nyuki akifika uani, mvumo wake unakatika, halafu unaanza tena kwa sauti ya juu zaidi, kwa vipande vifupi, wakati yeye mwenyewe haendi popote.

Wengi hukiuma kifuko kwa mataya, wakajikunja juu yake, na mtetemo ukapita mwilini mwao hadi ndani ya kifuko. Humo punje za chavua zinarushwa huku na huku, zinagonga kuta, zinapata nguvu kwa kila mgongano, mpaka zile zinazoukuta uwazi zinachomoka nje kwa kasi. Mwaka 1978 Stephen Buchmann na James Hurley waliuandika mchakato huu kwa hesabu za fizikia, na tangu hapo kazi imeendelea hadi kwenye video za kasi kubwa. Kuna pia umeme tuli: nyuki akiruka hewani mwili wake hupata chaji chanya, na punje zinazochomoka huvutwa kwenye manyoya yake zikanasa.

Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, alikwenda kuwaangalia dughulushi wa vilima vya Taita, ndugu wa karibu wa hawa wetu, na mwaka 2008 akachapisha alichokiona. Waliokuwa wakiyavumia maua yale ni nyuki wa jenasi ya Amegilla. Hawa hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake ardhini au kwenye ukuta wa udongo, akalisha watoto wake mwenyewe. Wana mwendo wa haraka, ulimi mrefu na mistari tumboni, na ukikaa karibu na kivumbasi kilichochanua huenda umewahi kuwaona bila kuwajua. Ndugu yao wa Australia, Amegilla murrayensis, amerekodiwa kwenye maua ya nyanya. Yeye haumi, anakipiga kifuko kwa kichwa, mara 350 hivi kwa sekunde. Kwa mpiga kinanda wa taarabu hiyo ni noti ya fa iliyo juu ya do ya kati.

Tuiteje kazi hii? Uchavushaji wa mtetemo ni jina linaloeleweka, lakini linamtaja anayetetemeshwa na kumwacha mtenda kazi. Nyuki huvuma. Mimi nitasema uchavushaji wa mvumo, na nitafurahi nikilikuta jina hilo katika vitabu vya shule.

Bado dughulushi ina jambo la pili. Angalia kile kijiti cha kike, ambacho ncha yake hupokea chavua. Hakikusimama katikati, kimeinama kando. Katika ua moja kimeinama kushoto, katika jingine, mara nyingi kwenye mche huohuo, kimeinama kulia, kama vile ua la pili ni picha ya la kwanza kwenye kioo. Faida zake ni mbili. Kijiti kinakaa mbali na mahali nyuki anapotikisa, hakiumizwi wala hakijazwi chavua ya ua lenyewe. Na ncha yake inaugusa ubavu mmoja wa nyuki: la kushoto linagusa upande huu, la kulia upande ule. Maua ya namna hii yalimvutia hata Charles Darwin katika siku zake za mwisho. Tarehe 10 Aprili 1882 alimwandikia Profesa James Todd wa Marekani akimwomba mbegu za mmea mmoja wa jamii ya nyanya wenye maua ya kushoto na kulia, ili afanye majaribio. Tarehe 19 mwezi huohuo akafariki.

Jamii ya nyanya! Hapo ndipo jambo hili linapotoka msituni na kuingia sokoni. Spishi zaidi ya 20,000 za mimea hufungia chavua kwa namna hii, na nyingi tunazijua kwa majina. Ua la nyanya limejengwa hivyo, la bilinganya, la ngogwe, la mnavu, la kiazi mviringo, hata la ndulele linaloota ovyo kando ya njia. Mjohoro wa barabarani nao, kwa maua yake ya manjano, hauna mbochi na hutoa chavua kwa vitundu. Nyanya inaweza kujichavusha upepo ukiitikisa, lakini nyuki akiivumia huzaa vizuri zaidi. Ulaya, kwenye nyumba za kioo za nyanya, wafanyakazi walikuwa wakipita na vijiti vya umeme kutetemesha ua baada ya ua, mpaka miaka ya 1980 walipoanza kufuga nyuki wa jenasi ya Bombus kwa kazi hiyo. Hao hawapo kwetu kwa asili; Afrika kusini mwa Sahara haina hata spishi moja yao. Na nyuki wa asali, ambaye ndiye kila mradi wa kijijini unamgawia mizinga, hana ujuzi wa kuvumia maua. Kumi wa Amegilla katika shamba la bilinganya wana thamani ambayo mzinga mzima hauwezi kuifikia.

Lakini huwezi kumweka Amegilla katika boksi. Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walifanya utafiti wa bilinganya huko Nguruman, kusini mwa Kenya, wakauchapisha mwaka 2008. Wachavushaji walikuwa nyuki wa porini wawili: Xylocopa caffra na mwingine mdogo, Macronomia rufipes. Na kwa kuwa bilinganya halitoi mbochi, nyuki hao hawakuweza kuishi kwa bilinganya tu. Walihitaji vichaka na miti ya jirani, ili wapate cha kunywa na pa kukaa. Dughulushi ni vivyo hivyo. Haiwezi kumtunza nyuki wake peke yake. Inamlishia watoto, lakini kinywaji anakipata kwa wengine, kwa jamii ya mrehani na maua mengine ya chini ya miti. Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, dughulushi inapata hasara mara mbili: jua linayakausha majani yake, na yale maua ya jirani yaliyokuwa yakimnywesha nyuki yanaondoka pamoja na kivuli. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda miamba pamoja na majirani hao wote, na hilo kwangu ni kubwa kuliko idadi yoyote ya vyungu vya dughulushi katika bustani za Ulaya.

Kwa wakulima wa tambarare, kuanzia Muheza hadi Pangani, namtaja zaidi Xylocopa, yule nyuki mkubwa anayetoboa kenchi za paa na kuwatia watu hofu kwa mvumo wake. Hutoboa mbao laini iliyokauka, na pwani hii ina mbao laini iliyokauka kwa maelfu: milingoti ya maua ya mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, mwaka uleule ambao dughulushi ilipewa jina la Kilatini huko Hannover. Miche 62 iliyonusurika safarini ilipandwa Kikogwe, Pangani. Haukumhitaji mdudu wala popo ili uenee, kwa sababu huzaa vichipukizi juu ya mlingoti wake. Mmea ukishachanua hufa, mlingoti ukabaki umesimama, na ndani yake, kwenye ule moyo mwepesi, Xylocopa huchimba chumba kimoja baada ya kingine, akaweka katika kila kimoja mkate wa chavua na yai moja.

Watu huing'oa milingoti hiyo kwa kuni na kwa uzio, na ni haki yao. Mwenye shamba la ngogwe au bilinganya aache michache imesimama pembeni, ile mikavu yenye matundu ya duara ya upana wa kidole, na ndulele na kivumbasi vya mpakani asivifyeke vyote kwa siku moja.