Kuachwa, kicheko na ng'ombe wa mahari

Likizoni tuliitazama Forgetting Sarah Marshall, filamu ya kuchekesha ya Marekani ya mwaka 2008. (Ina picha za utupu, si ya kutazama na watoto.) Peter, mtunzi wa muziki wa televisheni, anaachwa na mpenzi wake. Anakwenda Hawaii kumsahau, kumbe binti yuko hoteli ileile na mwanamume mwingine! Tulicheka sana. Ila Peter anaanza kupona anapoacha kumchungulia na kumalizia kazi yake mwenyewe, mchezo wa vikaragosi kuhusu Dracula.

Kwa kijana wa Shinyanga aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita ili apate ng'ombe wa mahari, kuachwa ni shauri la koo mbili. Waamini hutuuliza: je, Kanisa linaweza kumlazimisha mchumba atimize ahadi? Hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1062, inasema ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe. Fidia ya hasara, pale inapostahili, inaweza kudaiwa. Basi ng'ombe wanazungumzika.

Kijana mmoja wa kigangoni kwetu alirudishiwa wake wote. Mpaka leo huzunguka njia ndefu asipite kwao binti.