Tumbo, Ubongo na Shangazi Yangu wa Kitale

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Kitale kumwona shangazi yangu. Aliolewa huko na mfanyabiashara wa mahindi zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na lafudhi yake ya Pwani hajaipoteza hadi leo. Alinipokea kwa bashasha, akaniuliza, "Mamako hajambo?"

Mamangu alifariki mwaka wa 2019. Shangazi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Nilipomkumbusha alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Baada ya chai akaniuliza tena. Kufikia adhuhuri alikuwa ameniuliza mara tano, nami nikawa nageuza mazungumzo ili asifiwe upya kila saa.

Nyumba nzima ina maelezo yake. Mmoja asema ni jini, na kombe limeshaandikwa na kunywewa. Mwingine asema ni uzee tu. Binamu yangu mdogo naye alinionyesha video kwenye simu, bwana mmoja akieleza kwamba usahaulifu unatoka tumboni, na kwamba unga anaouza una "bakteria wazuri" wa kurudisha akili. Shangazi aliutumia unga huo miezi miwili. Na kwa kuwa muuzaji alisema tumbo lipumzishwe na "kemikali", aliacha vidonge vyake vya presha.

Hapo ndipo nilipoona lazima niandike. Mimi si daktari, nina diploma yangu ya uanahabari tu, lakini kusoma na kuuliza najua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Dimenshia si uzee. Wazee wengi hufika miaka tisini na akili zao timamu. Dimenshia ni ubongo kuharibika kwa maradhi, na aina inayojulikana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka wa 1906. Aina nyingine kubwa hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Na tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikuta kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Je, yule bwana wa video alisema uongo mtupu? La. Uongo wake umepandwa juu ya ukweli, na ndiyo maana unameza watu.

Ukweli ni huu. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria matrilioni. Wanakula mabaki ya chakula chetu, hasa nyuzinyuzi za mboga na nafaka, na kutoa vitu vinavyoingia kwenye damu. Tumbo na ubongo huwasiliana kwa njia ya neva, kwa vitu hivyo vya kwenye damu, na kwa kinga ya mwili. Bakteria wakivurugika, kinga inaweza kuchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na uvimbe huo ukidumu unahofiwa kuudhuru ubongo.

Mwaka 2017 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walilinganisha wagonjwa 25 wa Alzheimer na watu 25 wazima. Matumbo ya wagonjwa yalikuwa na aina chache zaidi za bakteria. Lakini hapo kuna swali la kuku na yai. Mgonjwa wa kusahau hali vizuri, hatembei sana, anameza dawa nyingi. Je, tumbo ndilo lililoharibu ubongo, au ubongo ndio uliobadilisha tumbo?

Mwaka 2023 wenzao wa St. Louis walichukua panya waliobadilishwa kinasaba ili ubongo wao uharibike, wakawalea bila bakteria wowote. Ubongo wao uliharibika kidogo kuliko wa panya wa kawaida. Hivyo bakteria wana mkono, angalau kwa panya. La kushangaza ni kwamba vitu fulani vinavyotolewa na bakteria, ambavyo mara nyingi husifiwa kuwa ni vizuri, vilionekana kuongeza madhara kwa panya hao. Sasa huyo anayeuza "bakteria wazuri" kwenye pakiti, uzuri wake ameupima kwa mizani gani?

Siku ya pili nilifika Bungoma kwa jamaa wa mume wa shangazi. Niliandaliwa ugali wa wimbi, mrenda na kunde. Nje ya lango, vijana walikuwa wakila chipsi na soda, kama wetu wa Majengo na Likoni. Nikakumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kutoka Kilimanjaro. Wanaume 77 walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, na damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Wengine waliozoea vyakula vya kizungu walipewa nafaka, maharage na mboga, na dalili hizo zikapungua. Kumbuka, msomaji wangu, hapo ilipimwa damu. Kumbukumbu haikupimwa.

Kule Kitale wengi walinisifia mursik, maziwa yanayochachushwa ndani ya kibuyu kilichopakwa majivu ya mti. Ni kweli yana bakteria walio hai, kama mtindi wetu. Lakini mwaka 2013 watafiti waliopima mursik ya magharibi mwa Kenya walikuta asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Cha asili nacho kina hesabu yake.

Basi tufanye nini? Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Yamo presha, kisukari, lehemu mbaya, sigara, masikio kutosikia, macho kutoona, kukosa mazoezi na upweke. Bakteria wa tumbo hawamo. Presha, ile ile iliyoachiwa vidonge, imo.

Tulimpeleka shangazi kituo cha afya. Presha ilikuwa juu sana, na vidonge vimerudi. Daktari hakutuahidi kwamba kumbukumbu itarudi. Alituambia tunaweza kuuzuia ubongo usizidi kupigwa, na hilo si dogo.

Mboga za Bungoma na wimbi tuzile, na huku kwetu mbaazi, kunde, mchicha na samaki tusiviache kwa ajili ya viazi karai kila jioni. Ni chakula chema kwa moyo na mishipa, na kinachofaa moyo aghalabu hufaa ubongo. Lakini tusikiite dawa ya kusahau. Kombe na dua haviombi mtu aache vidonge. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge, awe na unga au awe na kilemba, tumkimbie.

Na jambo la mwisho, ambalo linatuhusu sisi wa Pwani zaidi ya watu wa Kitale. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Mzee anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, asiyewatambua wanawe, huenda ni mgonjwa kama shangazi yangu. Yeye amepata wanawe wa kumshika mkono, Alhamdulillahi. Mzee wa jirani yako naye aangaliwe kabla hajasemwa.

Juzi nilimpigia simu. Akaniuliza kama mamangu hajambo. Nikamuuliza kama amemeza vidonge. Akasema, "Wamenipa asubuhi, mwanangu." Nikamshukuru Mungu.