Ukinunua UPS, uliza dakika kabla ya VA

Mteja anayeingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo kutafuta UPS ya nyumbani, yaani kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, huanza na swali moja: ni ya VA ngapi? Muuzaji hujibu bila kusita, maana namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa boksi kwa maandishi makubwa: 650, 850, 1,200. Mwenye nafasi huchukua kubwa, asiye nayo hubaki na ndogo, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba namba ikikua, muda wa kukaa baada ya umeme kukatika nao unakua. Imani hiyo ndiyo inayowapotezea watu fedha. VA haisemi lolote kuhusu muda. Inaeleza ukubwa wa mzigo ambao kifaa kinaweza kuubeba kwa wakati mmoja, na hata hilo inalieleza kwa kutia chumvi.

Chumvi yenyewe ni hii: kompyuta hula wati, na wati za UPS nyingi ndogo ni kama asilimia 60 tu ya VA zake. Yenye VA 650 hubeba wati 390 hivi, na nyingine huishia 360. Kwa nyumba nyingi hizo zinatosha na kubaki. Kompyuta ya mezani ya kuandika, kufanya hesabu na kupekua mtandao hutumia wati 80 hivi, skrini 25, ruta 10. Jumla 115, yaani chini ya theluthi moja ya uwezo. Anayecheza gemu au kuhariri video kwa kadi ya picha yenye nguvu ndiye anayeweza kupita wati 400, na huyo hana budi kupanda daraja. Printa ya leza, kwa upande wake, isichomekwe kwenye UPS ya nyumbani hata siku moja, kwa sababu kila inapopasha moto sehemu ya kuyeyushia wino wa unga huvuta mamia ya wati kwa mpigo. Pasi na birika la umeme viko kundi hilohilo.

Muda unatoka mahali pengine kabisa: kwenye betri. Fikiria simtanki la nyumbani. Unene wa bomba unakwambia maji yatatoka kwa kasi gani, lakini yatadumu hadi lini ni suala la ukubwa wa tanki. VA ni bomba, betri ni tanki. Ndani ya UPS nyingi za VA 650 mna betri moja ya risasi, iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Ukizigawa kwa mzigo wetu wa wati 115, karatasi inasema dakika 44, lakini karatasi inadanganya. Kipimo cha ampea-saa 7 hupatikana betri ikinyonywa taratibu kwa saa 20. Ukiimaliza ndani ya nusu saa inakupa kidogo zaidi ya nusu ya ahadi yake, na sehemu nyingine hupotea umeme wa betri unapogeuzwa kuwa kama ule wa ukutani. Betri ikiwa mpya, hesabu dakika 15 hadi 20. Sasa ukinunua ya VA 1,200 na kukuta ndani yake betri moja ya kipimo kilekile, umelipia bomba nene juu ya tanki lilelile.

Hapo msomaji atauliza: dakika 15 zina faida gani mtaani kwetu, ambako umeme ukiondoka asubuhi hurudi jioni? Jibu ni kwamba UPS haikutengenezwa ili mtu amalizie siku yake ya kazi. Kazi yake ni kuzuia ajali. Kompyuta inapozimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski, faili huharibika, na wakati mwingine mfumo mzima hukataa kuwaka. Dakika tano zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na zinazobaki hukuvusha kwenye zile katikakatika za sekunde chache au kukushikilia hadi jenereta iwashwe. Hata hizo tano hupotea bure ikiwa umeme umekatika wewe uko sokoni. Kwa hiyo tafuta UPS yenye waya wa USB wa kuiunganisha na kompyuta, ili betri ikikaribia kuisha, kompyuta ijizime yenyewe. Sifa hiyo ndogo, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, ina thamani kuliko VA 500 za ziada.

Anayetaka kufanya kazi muda wote wa mgao anahitaji kifaa kingine, na ni bora akubali mapema. Betri ya risasi huchukia kumalizwa hadi mwisho. Huvumilia hivyo mara mia chache tu. Ikikaushwa kila siku, inaweza isimalize mwaka. Inveta yenye betri kubwa ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, inayostahimili maelfu ya mizunguko, ndiyo iliyoundwa kwa shughuli hiyo, ingawa bei yake ni ya ligi nyingine. Mwenye laptop ana njia rahisi zaidi. Atasema haihitaji UPS kwa kuwa betri anayo, na hapo hakosei. Anachokosa ni intaneti tu, na ruta yake ya wati 10 inaweza kulishwa kwa saa kadhaa na UPS ndogo ya ruta, isiyozidi ukubwa wa kitabu.

Wapo pia wanaosema stebilaiza inatosha. Inarekebisha umeme unaocheza, ni kweli, lakini haina akiba hata ya sekunde moja. Hoja yao, hata hivyo, ina funzo. UPS ya bei ya chini kabisa haina uwezo wa kurekebisha volti. Umeme wa volti 230 ukishuka sana, kama unavyoshuka jioni watu wanapowasha majiko na viyoyozi, hukimbilia betri, na kukimbilia huko kila jioni kunaichosha betri kabla hata umeme haujakatika. Yenye kirekebisha volti ndani yake huinua umeme mdogo na kuacha akiba ipumzike. Fedha za ziada ziende huko. Ile ya daraja la juu, inayogeuza umeme muda wote bila kuhama, waachie wenye seva: UPS ya kawaida huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde chache, na pawasaplai nzuri ya kompyuta hustahimili pengo la milisekunde 16 hivi.

Hoja nzito zaidi ni ya wenye matumaini. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Je, UPS bado ni lazima? Wingi wa umeme hupunguza mgao, lakini hauzuii hitilafu. Tarehe 7 Juni 2016, nchini Kenya, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme wa maji cha Gitaru. Mitambo mingine ikazidiwa, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alinusurika. Tatizo siku hiyo halikuwa uhaba wa maji bwawani. Gridi ni mnyororo mrefu, na kati ya Rufiji na soketi ya sebuleni kuna nguzo, nyaya na transfoma ambazo upepo, mvua, mti au gari lililoacha njia vinaweza kuzikata saa yoyote.

Linabaki joto, adui asiyetajwa dukani. Betri hizi hukadiriwa kuishi miaka mitatu hadi mitano katika nyuzi joto 25, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka umri wake hupungua kwa karibu nusu. Dar es Salaam mchana wa kiangazi hupita nyuzi 30, na ndani ya boksi la UPS lililosukumwa nyuma ya kabati ni zaidi. Iwekwe penye hewa, na betri ihesabiwe tangu mwanzo kuwa kitu cha kubadilishwa, kama tairi. Kwa sababu hiyo, UPS yenye betri ya kipimo kinachopatikana kila duka ni bora kuliko yenye betri ya umbo la peke yake. Na iliyokaa stoo miaka miwili bila kuchajiwa si mpya, hata kama boksi halijafunguliwa. Mteja aliyejua haya ataingia dukani na swali jingine: mzigo wangu ni wati 115, hii itanishikilia dakika ngapi, na betri yake ikichoka, nyingine naipata wapi?