Siku ya Bahari Huhesabiwa kwa Mwezi



Likizo za shule zikaribiapo, jamaa zetu wengi waishio Kitengela na Kajiado huulizana swali lile lile: tutateremka lini Pwani? Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwezi Juni 2017, safari hiyo imekuwa nyepesi. Kituo cha Athi River ki karibu na Kitengela, na mwenye kupanda asubuhi treni ile isimamayo vituo vya njiani hupita Emali, Mtito Andei na Voi, akafika Miritini mchana wa siku hiyo hiyo.

Kufika ni rahisi. Kuijua bahari ni jambo jingine. Wana wetu waliozaliwa bara wamezoea maji ya kupimiwa kwa ndoo, maji ya visima yenye ladha ya chumvi, na maji yaletwayo na malori wakati wa kiangazi. Bahari wanaijua kwa picha. Bibi zao, kabla hawajavunja ungo, walikwisha kujua maji yanapwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi. Elimu hiyo ikikatika, siku ya mapumziko hupotea bure, na pengine huwa siku ya msiba. Kwa hiyo tumeona tuieleze hapa kwa ufupi, pamoja na mambo ya stara na chakula.

Kalenda iliyo ukutani

Familia ya Kiislamu haina haja ya kutafuta mbali. Kalenda ya Hijria inayoning'inia sebuleni, ile tunayohesabia Ramadhani na Ayyamul-bidh, ndiyo pia kalenda ya bahari, kwa sababu maji hufuata mwezi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu, yaani kati ya tarehe 7 na 9, na kati ya 22 na 24, huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi juu sana. Tangu maji yajae hadi yapwe ni takriban saa sita na robo, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50.

Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa kuanzia saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri.

Tazama basi Idd ya Mfunguo Mosi. Daima huangukia bamvua, kwani mwezi umeandama usiku wake. Jamaa humaliza swala, wakanywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, wakashuka ufukweni saa nne kwa bashasha, wakakuta bahari imekwenda zake hadi mwambani! Watoto hulia, wazee hununa, na kufikia saa nane wamekwisha kurudi nyumbani, ilhali maji mazuri ndiyo kwanza yanakuja. Siku hiyo yafaa asubuhi iwe ya kutembelea jamaa, na kuoga kuwe alasiri. Idd ya Mfunguo Tatu, kwa kuwa ni tarehe 10, maji hujaa karibu na adhuhuri. Kwa vile kuandama kwa mwezi kwaweza kutofautiana siku moja, mwenye simu atahakikisha kwa jedwali la maji, na asiye nayo atamwuliza mvuvi yeyote.

Wenye watoto wadogo tunawashauri wachague siku za maji mafu, maana mikondo yake ni midogo. Wenye vijana wanaopenda kutembea mwambani wachague bamvua, watoke maji yakiwa bado yanapwa, na wageuke mara yanapoanza kurudi. Maji yarudipo hupitia kwanza mikondo iliyo nyuma ya mtu, na asiyejua hujikuta amezungukwa. Kila mtu avae viatu vya mpira, maana mwambani mna viumbe vyeusi vya miiba mirefu. Maboya ya kujazwa hewa yasiaminiwe. Upepo huyachukua pamoja na mtoto aliyeyakalia.

Majira nayo yana hukumu yake. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki hupatikana kwa wingi. Kusi, hasa likizo ya Agosti, bahari huchafuka, mwani hujaa ufukweni, na bei ya samaki hupanda kwa kuwa wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki sana.

Pahala na stara

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi ni maarufu, lakini sikukuu hufurika watu. Familia itakayo utulivu yaweza kuelekea kusini, Tiwi na Diani. Zamani ilikuwa lazima kuvuka kwa feri ya Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu yaunganisha Miritini na upande wa Kwale. Hapo Mto Mwachema uingiapo baharini, katikati ya Tiwi na Diani, upo Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale wa mawe uliozungukwa na mibuyu, ambao hadi leo unaswaliwa. Ni neema kuogea karibu na mahali pa kuswalia. Ila mlangoni mwa mto pasiogelewe, hasa maji yanapotoka, kwani mkondo wake una nguvu.

Twasema neno na akina mama. Buibui si vazi la kuogea: likilowa huwa zito na huzonga miguu. Nguo za stara za kuogelea, pana na za kitambaa chepesi, sasa zapatikana madukani. Leso ya pili iwekwe kando ya kujifunika mara utokapo majini. Saa za mapema, kabla ufuo haujajaa watu, ndizo za faragha zaidi, na siku za maji mafu ndizo zinazoleta maji hayo ya asubuhi.

Twasema pia na akina baba. Mara nyingi mama wa nyumba husafiri umbali wote ule, kisha akaishia kukaa mchangani akilinda mikoba na viatu vya watu. Nyinyi shikeni watoto na mikoba kwa saa moja, naye aoge. Hilo ni katika wema wa mtu kwa ahali zake.

Samaki

Huku Kajiado majirani zetu Wamaasai, kwa desturi ya asili, hawakuwa walaji wa samaki, na wa baharini tumpatao sisi aghalabu amekwisha kulala barafuni siku kadhaa. Kwa hiyo siku ya Pwani nendeni dikoni, vyombo vinaporudi. Changu, tafi, kolekole na nguru hawahitaji sifa. Samaki mbichi ana macho maangavu na matamvua mekundu, na nyama yake ukiibonyeza hurudi. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, mwamba uonekanapo, na wanawake wengi wa pwani huchuma riziki yao humo.

Tena hapana haja ya mama kupika siku hiyo. Wako wanawake wenyeji watakaokupikia kwa makubaliano: samaki wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa kisha akapakwa tui zito la thomu, tangawizi na ukwaju, pamoja na wali wa nazi na achari ya maembe. Watoto watatosheka kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu baada yake. Wapeni wenyeji hao haki yao bila ya kuwabana mno. Ni dada zetu.

Kabla ya kukata tiketi, basi, mwiteni mtoto mkubwa mbele ya kalenda ya Hijria. Mwulizeni: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi, na maji yatajaa saa ngapi? Akijibu sawasawa, mpeni yeye upangaji wa siku nzima, na wadogo zake wajifunze kwake.

Mwenyezi Mungu awape safari ya salama na marejeo ya heri. Amin.