Kuotesha Mlonge na Kuutunza Bustanini

Mlonge, ambao watu wengine wa mwambao huuita mzunze, asili yake ni nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya, kaskazini ya Bara Hindi, lakini umekwisha kuizoea ardhi ya pwani yetu hata ukadhaniwa kuwa ni mwenyeji, na katika nyua nyingi huonekana umepandwa kwa safu uwe ua wa nyumba, pasina mtu kuushughulikia.

Desturi ya wengi ni kukata tawi nene, kulichomeka ardhini wakati wa masika na kumwachia Mungu. Na kwa kuwa mti huu una uhai mwingi, aghalabu tawi hilo hushika. Sina ubishi na desturi hiyo panapotakiwa ua wa haraka, maadamu tawi lina urefu wa mita 1 au zaidi na unene wa sentimita 4 hivi, na theluthi yake ikafukiwa. Illa mti uliotokana na tawi hauna mzizi mkuu. Mizizi yake hutambaa juu juu, hivyo hutaabika kiangazi na huangushwa na upepo kwa wepesi. Mche wa mbegu, kinyume cha hayo, hushusha mzizi mnene uwekao akiba ya maji, na hiyo ndiyo siri ya ustahimilivu wake mbele ya ukame. Kwa hiyo atakaye mti wa kudumu, rai yangu ni kwamba aoteshe mbegu.

Mbegu hizo, zenye mbawa tatu nyembamba, zikitolewa katika maganda yaliyokaukia mtini na kufukiwa kina cha sentimita 2, huchipua baina ya siku 7 na 14. Zisiwekwe mno, kwani baada ya mwaka mmoja nguvu yake ya kuota hupungua. Ni afadhali zipandwe pale pale mti utakapoishi, na anayependelea viriba auhamishe mche ungali mdogo, kwa hadhari, mzizi usikatike. Udongo wa kichanga huufaa sana. Maji yakituama, mizizi huoza na mti hufa.

Linalonisikitisha zaidi ni kuona milonge iliyoachwa ikarefuka kama minazi, majani yote yakiwa juu asikofika mpishi. Mche ukitimia sentimita 60, ncha yake na ikatwe, na matawi ya kando yakirefuka yakatwe vilevile, kwani kila mkato huzaa machipukizi kadhaa, nayo majani machanga ndiyo mboga yenyewe. Yatakayowekwa akiba yaanikwe kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A iliyomo.

Mizizi isiliwe, kwa kuwa ganda lake lina sumu, hususan kwa wajawazito. Mbegu nazo zina fadhila nyingine: wanawake wa Sudan, kandokando ya Nile, tangu zamani husafisha maji ya tope kwa unga wake, ambao hukusanya uchafu ukazama chini, lakini maji hayo hayana budi kuchemshwa kabla ya kunywewa.

Nawe msomaji, ikiwa uani mwako umesimama mlonge mrefu usiokufaa kitu, ukate mita 1 kutoka ardhini kabla ya mvua zijazo, utachipua.